Vibao vya Fransiska Bura

Watu wengi wa Katesh walimjua Fransiska Bura kwa maandishi yake kabla hawajamjua kwa sura. Waliyasoma juu ya milango ya maduka, kwenye vibao vya gesti na ubavuni mwa malori. Wakati mwingine mtu alikuja kutoka Basotu akiuliza ni fundi gani huyo mwenye herufi zilizosimama wima namna hiyo. Akielekezwa uani kwa mzee Shumbana mwenye duka, alimkuta mwanamke mfupi, mwembamba, amejifunga kitenge, na mikono yake yote miwili haina vidole. Hapo alidhani amekosea mlango. Fransiska alikuwa amekwisha kuizoea sura hiyo ya mgeni. Alimsukumia kigoda kwa mguu, akamkaribisha, akamuuliza anataka kibao cha ukubwa gani.

Alizaliwa Endasak, kwenye mteremko wa mlima Hanang, kwa mzee Bura na mkewe Genoveva, watu wa mahindi na maharage na ng'ombe wachache. Ilikuwa miaka ya sabini, naye alikuwa hajaanza shule, siku nyumba yao ya nyasi ilipoungua. Upepo wa kiangazi ulikuwa unashuka kutoka mlimani, na moto wa jikoni ukashika paa wakati Genoveva yuko mtoni. Fransiska alitoka salama. Halafu akasikia mbuzi mdogo analia ndani, akarudi. Kamba iliyomfunga yule mbuzi ilikuwa tayari inawaka, naye aliing'ang'ania kwa mikono yote miwili mpaka ikakatika. Mbuzi alipona. Mtoto alibebwa na mama yake mpaka barabarani, wakapata lori lililojaa magunia, wakafika hospitali ya Haydom wakiwa wamegandamana kwa vumbi na machozi.

Hospitalini waliokoa maisha yake. Vidole havikuweza kuokolewa. Alikaa wodini muda mrefu hata akajifunza Kiswahili humo humo, maana nyumbani kwao walizungumza Kiiraqw tu. Hadi leo husema kwamba lugha hiyo alipewa na manesi, na kwamba neno lake la kwanza lilikuwa "pole".

Aliporudi Endasak, nyumba mpya ilikuwa imesimama, na Genoveva alikuwa anaipaka udongo mweupe alioutoa kwenye korongo. Fransiska alikaa pembeni akitazama. Siku hiyo alikuwa amechoka kutazama. Alichovya ncha ya mkono wake kwenye ndoo, ingawa kovu lilikuwa bado laini, akachora mstari mrefu ukutani, kisha mwingine juu yake, kisha pembe mbili. Genoveva aliacha kazi akauliza ni nini.

"Ni yule mbuzi," mtoto akasema.

Walikuwapo majirani walioshauri kwamba mtoto wa namna hiyo akae chumba cha ndani, wageni wasimwone, wasije wakaiogopa nyumba. Genoveva hakugombana na mtu. Alimpa binti yake ule ukuta uliotazama njia, ambao kila aliyekwenda kisimani au kanisani alipaswa kuupita, akamwambia achore apendavyo. Ukachorwa ng'ombe, mlima, nesi mwenye kofia, na lori lenye magunia. Mvua iliponyesha michoro ilifutika, na mvua ilipokatika Fransiska alianza upya.

Mzee Bura alikuwa mtu wa maneno machache. Aliona jinsi binti yake anavyohangaika kubana kijiti kati ya mikono miwili, akachukua kipande cha ngozi ya ng'ombe, akakipaka mafuta, akakishona kiwe mkanda wa kuvaa juu ya kifundo cha mkono, na juu yake akaacha tundu dogo la kupitishia kijiti. Baadaye tundu hilo lilipitisha mkaa, kisha penseli. Kwa mkanda huo Fransiska alikwenda shule. Mwalimu aliyekuwa anaandikisha watoto alisita, akasema huyu atashikaje daftari, atashikaje jembe la shamba la shule. Mzee Bura aliomba chaki tu. Fransiska akaandika jina lake ubaoni, na herufi S zote mbili zikatazama upande usio wake. Mwalimu akacheka, akasema nusu ya darasa hawajui hata hizo S za kinyume, akamwandikisha.

Alimaliza darasa la saba asichaguliwe kuendelea, kama wenzake wengi wa wakati ule. Akabaki nyumbani, akawa anapamba vibuyu vya maziwa. Wanawake wengine walivipamba kwa chuma cha moto. Yeye, tangu siku ile nyumba ilipoungua, chuma kilichoiva kwa moto hakuweza kukisogelea, kwa hiyo alitumia udongo mwekundu, masizi na maji ya maganda ya miti. Vibuyu vyake vikawa tofauti na vya watu wote. Genoveva alivibeba kichwani siku za mnada.

Hapo mnadani ndipo alipopita Farida, mke wa mfanyabiashara wa Katesh aliyeitwa Shumbana. Shumbana alikuwa mtu wa Kondoa kwa asili, na ile ndiyo miaka watu waliyoiita ya ruksa. Sabuni na sukari zilikuwa zimerudi dukani, mitumba ilishushwa kwa marobota, na kila aliyekuwa na chumba kinachotazama barabara alitoboa dirisha akaanza kuuza kitu. Shumbana alikuwa amefungua duka la nguo na vifaa vya ujenzi, lakini lilikuwa halina jina mlangoni. Fundi wa maandishi aliyekuwapo mji mzima alikuwa mmoja, naye alikuwa amehamia Arusha.

Farida aliokota kibuyu kimoja, akakizungusha, akauliza nani amekipaka. Genoveva akamwonyesha kwa kidevu binti aliyekaa nyuma yake. Farida hakumtazama mikono. Alimtazama usoni, akamuuliza kama anajua kuandika.

"Najua, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Basi Ijumaa nitatuma gari lipite kukuchukua. Mume wangu anataka kibao."

Shumbana alipomwona alimgeukia mkewe akauliza kama alikwenda mnadani kununua kibuyu au kuajiri fundi. Lakini alitoa bati, akatoa na kopo la rangi ya mafuta. Fransiska hakuwa amewahi kugusa rangi ya mafuta. Aliitumia kama udongo, akaibandika nene, na kabla jua halijapanda vizuri herufi zote zilikuwa zimetiririka mpaka chini ya bati. Alikaa kwenye ngazi za duka akalia. Alikuwa na hakika kwamba atarudishwa Endasak siku hiyo hiyo.

Shumbana alitoka, akalitazama bati, akarudi ndani akatoka na jingine.

"Rangi hii inataka thina ya kuilainisha, ipakwe nyembamba," akasema. "Na wewe unataka chai. Anza na chai."

Farida ndiye aliyemfundisha kupanga mistari. Alikuwa amesoma madrasa utotoni, na mwalimu wake wa huko hakuruhusu herufi moja imzidi mwenzake. Alimwonyesha kuvuta uzi uliopakwa chaki, kuubana pande mbili na kuupiga katikati ili uache alama iliyonyooka. Alikuwa akisimama nyuma yake na kusema herufi hii imelala, iamshe. Kibao cha duka la Shumbana kilikamilika, rangi ya bluu na nyekundu, kikakaa juu ya mlango huo miaka mingi. Baada yake zikaja kazi nyingine: saluni, hoteli ya chai na chapati, mashine ya kusaga, gesti iliyotaka kuchorewa kitanda na taa. Shumbana akampa kona ya uani yenye paa, akasema kona hiyo ni yake maadamu yeye yu hai. Fransiska alikuwa Mkatoliki wa kila Jumapili, na Farida alikuwa anafunga Ramadhani. Wakati wa kufuturu sahani ya Fransiska iliwekwa kama za wengine, na hakuna aliyeona ni jambo la kusemea.

Hakuolewa. Alipoulizwa alisema kwamba hilo halikuja upande wake, akaendelea na kazi.

Kisha ukaja mkoa mpya. Wilaya za Mbulu na Hanang zilikuwa mkoa wa Arusha tangu enzi za wazee, na ghafla zikawa Manyara, makao makuu Babati. Kila shule, kila zahanati, kila ofisi ya kata ilikuwa na kibao chenye jina la mkoa wa zamani. Fransiska alisafiri kwa malori na pikipiki, makopo ya rangi yamefungwa kwenye gunia, akafika Getanuwas na vijiji alivyokuwa akivisikia tu. Alifuta Arusha, akaandika Manyara. Watu walimzunguka wakiangalia neno hilo likikaa mahali pake, na wazee wengine walimwomba alisome kwa sauti.

Kazi hiyo ndiyo iliyomrudisha Haydom. Mwenye gesti moja, ambako ndugu za wagonjwa hulala, alitaka kibao kipya. Fransiska alikuwa hajafika huko tangu utotoni. Alisimama juu ya ngazi, anaandika, na chini yake akahisi mtu amesimama muda mrefu. Aliposhuka alimkuta mwanamke kijana mwenye shanga shingoni. Mwanamke huyo alimwamkia shikamoo, akajieleza. Jina lake lilikuwa Eva, ametoka Getanuwas. Mumewe, Gidamis, alikuwa wodini. Alikuwa anasaidia kulisha mashine ya kupukuchua mahindi, na mashine ikauchukua mkono wake wa kulia.

"Hataki kula," Eva akasema. "Nikimlisha anageuza uso. Nikimwambia ashike kijiko kwa kushoto anasema ni aibu. Dada, nakuomba uje akuone."

Fransiska alikubali upesi, na njiani akapanga maneno. Angemweleza habari za moto, za ukuta wa mama yake, za bati la Shumbana. Gidamis alikuwa amelala akitazama dirisha. Alikuwa mtu mrefu wa Kidatooga, mfugaji, na hakugeuka mpaka Fransiska alipokuwa katikati ya habari yake.

"Wewe uliungua ukiwa mtoto," akasema taratibu. "Mikono ulikuwa hujaizoea. Mimi nimekamua kwa mkono huu, nimeshona nao ngozi, nimesalimia nao watu mpaka nimekuwa mtu mzima. Usiniambie tuko sawa."

Maneno yote aliyokuwa ameyapanga yakamtoka kichwani. Eva aliinama. Fransiska akaona kwamba yule mtu anasema kweli.

"Hatuko sawa," akajibu. "Mkono wako siujui. Najua wangu tu."

Gidamis sasa alikuwa anauangalia ule mkanda ambao Fransiska alikuwa amesahau kuuvua kifundoni, bado una rangi mbichi. Akauliza nani alimtengenezea. Fransiska akasema ni baba yake.

"Ngozi yake haikukandwa vya kutosha," Gidamis akasema. "Na mshono umekaa ndani. Lazima unakuchubua."

Ulikuwa unamchubua. Ulimchubua tangu utoto, na mzee Bura alipoushona upya, kila ulipochakaa, aliushona vile vile, na binti yake hakuwahi kumwambia. Kila jioni alipaka kidonda chake mafuta akafunga kitambaa. Hakuwa amemwambia hata Farida. Aliuvua mkanda, akamwekea Gidamis juu ya shuka. Gidamis akaushika kwa mkono wa kushoto, akaukunja, akaunusa, akaanza kumweleza Eva ni ngozi ya ng'ombe yupi iliyopo nyumbani ambayo ingefaa zaidi. Alieleza kwa muda. Eva alipoona anaongea, alitoka akaenda kutafuta uji, na uji ule Gidamis aliunywa mwenyewe.

Miezi ilipita. Siku moja ya mnada wa Katesh Gidamis alitokea uani kwa Shumbana, mkono mmoja wa shati umefungwa fundo, na mkanda umeviringishwa kwenye karatasi. Alikuwa ameushona kwa mkono wa kushoto na meno. Ulikuwa laini kama sikio la ndama, mshono uko nje. Fransiska alimshukuru, akauweka juu ya rafu, na kesho yake akavaa ule wa zamani. Na kesho yake tena. Baba yake alikuwa amefariki mwaka mmoja kabla, na kila alipounyanyua ule mkanda mpya aliona kana kwamba anamfukuza mzee nyumbani kwake.

Alipokwenda Endasak alimweleza mama yake. Genoveva alikuwa anachambua maharage, hakuinua kichwa.

"Baba yako alitengeneza ule kwa sababu hakuwapo mwingine," akasema. "Si kwamba alijua. Alikuwa anakaa nje anajaribu, anashona, anafumua, anashona. Angempata mtu anayejua angemwita siku hiyo hiyo. Vaa, mwanangu."

Akavaa. Kidonda kikapona, cha tangu utotoni, na kwa mara ya kwanza aliweza kuandika toka asubuhi mpaka jua linazama bila kuuma meno. Alifurahi, na katika furaha hiyo akawaza wangapi huko vijijini wanaumia hivyo hivyo.

Ndivyo kazi yao ilivyoanza. Siku za mnada Gidamis alikuja na ngozi zake, na watu wakaanza kuletwa uani. Fransiska alikaa na mtu, akamtazama anavyosogeza mkono wake, akauchora kwenye karatasi kwa pande zote. Kwa mchoro huo Gidamis alikata ngozi. Wa kwanza alikuwa mzee Maximilian, katekista wa zamani, aliyepooza upande mmoja na kulishwa na wakwe zake. Walimtengenezea mkanda wa kushikia kijiko. Siku aliyoujaribu, nusu ya wali ilimwagika kifuani, na mzee akaendelea kula kwa heshima kubwa kana kwamba yuko mezani kwa askofu. Alipomaliza alisema amesahau kwamba wali una ladha nzuri hivyo mtu akijilisha.

Fransiska aliona kwamba wengi wanaificha mikanda ndani ya mikono ya sweta. Akaanza kuipaka rangi, mistari na nyota na vichwa vya ng'ombe, kila mtu kwa ombi lake. Mikanda ikatoka kwenye sweta. Watoto waliitaka hata wasioihitaji. Baadaye paroko alimpa chumba nyuma ya kanisa, akawa anawafundisha kuchora Jumamosi watoto waliokuwa wamewekwa ndani majumbani kwao. Wengine walibebwa mgongoni na mama zao kutoka mteremkoni. Mama hao walipofika walikaa pamoja nje, na Fransiska alisema kwamba kuongea kwao huko nje kulifanya kazi kubwa kuliko rangi zake.

Mambo hayakuwa mepesi yote. Ikafika miaka ya mabango ya plastiki, yanayochapwa kwa kompyuta upesi kuliko mtu kuchanganya rangi. Aliyeileta mashine hiyo Katesh alikuwa Abdulrahim, mtoto wa Shumbana, kijana aliyekulia miguuni pa Fransiska. Alikuja uani akazunguka zunguka. Mwishowe akasema, "Shangazi, nimenunua mashine. Nimeona bora uisikie kwangu."

Fransiska aliumia, na hakuficha kwamba ameumia. Alimwomba ampeleke akaione. Alisimama mbele yake akitazama herufi zikitoka zimenyooka zote, akafikiri kwamba marehemu Farida angezipenda. Kisha akamwambia Abdulrahim asiogope. Baba yake alimpa bati la pili siku alipoharibu la kwanza, na mtu aliyepewa hivyo hawezi kumnunia mtoto wa nyumba kwa sababu ya mashine. Vibao vilipungua. Mikanda ikaongezeka, na Fransiska akaona kwamba siku zake zimejaa bado.

Sasa kila mwezi yeye na Gidamis hupanda basi kwenda Haydom. Tangu siku ile ya kwanza hajapanga tena maneno njiani. Anakaa kando ya kitanda, anasalimia, na anauliza swali moja: ungependa kushika nini kwanza? Wengine husema kijiko, wengine jembe, simu, kamba ya ng'ombe. Mwaka huu alimkuta mama kijana aitwaye Gaudensia, aliyepoteza mkono wa kushoto chini ya kiwiko katika ajali ya pikipiki. Gaudensia alilisikiliza swali lake, akageukia kitoto cha kike kilichokuwa kimepakatwa na bibi yake kitanda cha pili.

"Huyu," akasema. "Akilia kila mtu anamchukua. Mimi napitwa."

Gidamis hakuwa ametengeneza kitu kama hicho kamwe. Walikata, wakashona, wakafumua. Fransiska alimbeba mtoto mwenyewe, kwa mikono yake isiyo na vidole, ili Gidamis aone uzito unakaa wapi. Safari iliyofuata walikuja na mkanda mpana unaopita begani, na mahali pake laini pa kukalisha kitako. Fransiska alikuwa ameupaka manjano, maana aliona mtoto huyo anafuata rangi hiyo kwa macho kila inapopita.

Walimvalisha Gaudensia, wakamweka mtoto. Mtoto alilia, akahangaika, akatafuta bibi yake. Kisha akapata ziwa, akatulia. Gaudensia hakuthubutu kusogea. Nesi akamwambia anaweza kutembea, naye akatoka wodini polepole mpaka uwanjani, akazunguka kwenye jua, akarudi, akazunguka tena. Fransiska na Gidamis walikaa kwenye benchi wakiwatazama. Basi la Katesh lilipiga honi nje ya geti, na Gidamis akasema watachelewa.

"Ngoja kidogo," Fransiska akasema. "Mtoto anasinzia."